Shajara ya mradi: kuongeza RAM kwenye Dell OptiPlex 780 ya steshenari ya shangazi

Jumamosi, usiku

Shangazi amenipigia simu mara tatu leo kabla ya adhuhuri. Steshenari yake iko Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Matokeo ya kidato cha sita yameshatoka, kwa hiyo tangu asubuhi kibaraza kimejaa vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Kijana mmoja akikaa kwenye kiti, unafunguliwa ukurasa wa mkopo, ukurasa wa RITA wa kuhakiki cheti cha kuzaliwa, barua pepe yake, na picha za vyeti alivyoskani. Pembeni kuna mteja mwingine anasubiri barua yake ichapwe. Hapo ndipo mashine inaganda. Kuna binti alijaza kurasa zote, akafika kwenye kupakia cheti, kivinjari kikajifunga chenyewe, akaanza upya. Shangazi hakumtoza hata senti. Alivyokuwa akinisimulia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona haya mbele ya mtoto wa mwenzake, na ndiyo maana nimekuja leo leo, sikungoja mwisho wa mwezi.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 780, ile ya kava la kusimama, aliyoinunua mtumba miaka sita iliyopita. Prosesa ni Core 2 Duo E8400, kori mbili za GHz 3.0, toleo la mwaka 2008. Diski ni ya kuzunguka, GB 250. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ni GB 4: mbili za GB 2 kwenye sloti mbili, na sloti mbili ziko wazi.

Mwaka jana niliitoa Windows 7 nikaweka mfumo mwingine, Linux Mint ya Xfce, ile nyepesi. Ile Windows ilikuwa ya biti 32, na kati ya GB 4 ilikuwa inaona tatu na ushee tu. Mfumo wa biti 32 wa aina ile una anwani za kutosha GB 4 basi, na sehemu ya anwani hizo inachukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Kwa hiyo mtu angeweza kujaza sloti zote nne na asipate faida yoyote. Nalitaja hili kwa sababu nimekutana na watu wawili walionunua RAM bila kuangalia mfumo wao ni wa biti ngapi. Kwenye Mint nimeandika `uname -m`, jibu limekuja `x86_64`. Upande huo tuko salama.

Windows 11 si ya mashine hii. Tangu toleo la 24H2 inadai amri za prosesa, SSE4.2 na POPCNT, ambazo E8400 haikuumbwa nazo, haiwaki kabisa. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida wa masasisho ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Rafiki yangu mmoja ameniambia tuitupe tununue nyingine. Ni rahisi kusema. Hela ya mashine nyingine kwa sasa ni ada ya mdogo wangu, na shangazi ameshaipangia. Tena hii inachapa, inaskani, inafungua kurasa zote zinazotakiwa. Shida inaanza kazi zikiwa nyingi kwa mpigo.

Jumapili

Leo duka limefungwa, shangazi yuko kanisani, nimepata nafasi ya kupima. Sitaki kununua kitu kwa kuhisi. Wengi wangesema weka SSD kwanza, ile diski isiyozunguka, na mara nyingi ni ushauri mzuri, ila lazima nijue mashine hii inaumwa wapi.

Nimefungua kila kitu ambacho shangazi hufungua siku ya kazi: vichupo tisa kwenye Firefox, LibreOffice yenye hati tatu, programu ya kuskani, PDF mbili. Kisha `free -h`. Jumla 3.7Gi, zilizotumika 3.4Gi, na kwenye swap, sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa, tayari kuna 1.9Gi. Nikaendesha `vmstat 2` nikaangalia safu za si na so, zinazoonyesha kiasi kinachoingia na kutoka kwenye swap. Namba hazikutulia hata mara moja. Kila nilipohama kutoka kichupo kwenda kingine, taa ya diski iliwaka mfululizo bila kupepesa, na kishale cha kipanya kikasimama.

Hiyo ndiyo picha kamili ya ugonjwa. RAM ikijaa, mfumo unahamishia baadhi ya kurasa za kumbukumbu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ina sindano inayosafiri huku na huku kutafuta kila kipande. RAM inajibu kwa nanosekunde, diski hii inajibu kwa milisekunde. SSD ingepunguza maumivu, lakini bado mashine ingekuwa inaazima kumbukumbu mahali pasipo pake, na ingeandika kwenye SSD hiyo kutwa nzima. RAM kwanza. SSD itakuja hela ikipatikana.

Nikauliza mashine inabeba kiasi gani. `sudo dmidecode -t 16` imejibu GB 16, sloti nne. `sudo dmidecode -t 17` imeorodhesha sloti moja moja: DDR3 (ndicho kizazi cha RAM yenyewe), GB 2 na GB 2, nyingine mbili hazina kitu. Chipseti, zile chipu za mazabodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, ni Intel Q45. Kwenye kizazi hiki kidhibiti cha RAM kinakaa ndani ya chipseti, hakiko ndani ya prosesa kama kwenye Core i3, i5 na i7 zilizofuata. Kwa hiyo kuibadilishia mashine prosesa hakutaongeza wala kupunguza inachokubali kwenye RAM. Mwenye neno ni chipseti.

Nimezima, nimechomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki, kisha nikafungua kava. Vumbi la Msamvu ni jekundu na laini, limejikusanya kwenye feni kama unga wa muhogo. Nimelitoa kwa brashi ya rangi mpya huku nimeishika feni kwa kidole isizunguke. Nimebadilisha na betri ndogo ya CR2032, maana saa ya mashine ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukikatika usiku, na kurasa za serikali zinakataa kufunguka saa ikiwa imekosea mwaka.

Jioni nimeagiza RAM mbili za GB 4 kutoka duka moja Dar. Nimesema: DDR3, za kompyuta ya mezani, GB 4, mbili zinazofanana. Jamaa akajibu zipo, zitapanda basi kesho kutwa asubuhi.

Jumanne, mchana

Mzigo umefika stendi saa sita. Bahasha ndogo, RAM mbili safi kabisa, zimeandikwa 4GB 1Rx8 PC3-12800U. PC3-12800 maana yake ni kasi ya 1600, na mashine yetu inakwenda 1066. Hilo halinitishi, RAM ya kasi kubwa hushuka ikalingana na mwenyeji wake.

Nimezipanga. Kwenye mazabodi hii sloti za jozi ya kwanza zina vibanio vyeupe na jozi ya pili vina rangi nyeusi. Nikatoa zile za GB 2, nikaweka mpya kwenye vyeupe, nikakandamiza pande zote mbili mpaka vibanio vikalia kwa zamu. Nikawasha.

Feni zimezunguka. Skrini giza. Mbele ya mashine kuna taa ndogo za uchunguzi, zimeandikwa 1 hadi 4. Zimewaka kwa mpangilio ambao kwenye mwongozo maana yake ni kwamba RAM imeonekana lakini ina hitilafu. Nikazima, nikajaribu moja peke yake, sloti ya kwanza. Giza. Ile nyingine. Giza. Sloti nyingine. Giza. Nikarudisha zile za zamani, ikawaka mara moja, ikatoa tangazo kwamba kiasi cha RAM kimebadilika, nikabonyeza F1 ikaendelea.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, na foleni kibarazani. "Basi mwanangu, rudisha tu kama ilivyokuwa, watoto wanangoja." Nimerudisha. Wamehudumiwa, kichupo kimoja kimoja.

Jumanne, usiku

Nimekaa na tochi na zile RAM mbili mezani hadi saa tano, na sasa naelewa. Hapa ndipo penye kiini cha mradi mzima, kwa hiyo naandika kirefu.

Nilimpigia yule muuzaji. Aliongea kwa adabu, akasema, "Kaka, hizo nimezipima kwenye mashine hapa, nzima kabisa. Ni DDR3, zinaingia desktopu yoyote ya DDR3." Nusu ya kwanza ni kweli. RAM ni nzima. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayowagharimu watu wenye mashine za umri huu.

Nimezihesabu chipu. RAM ya shangazi ya GB 2 ina chipu nane nyeusi upande mmoja na nane upande wa pili, kumi na sita. Hizi mpya za GB 4 zina nane tu, upande mmoja, mgongo ni mtupu. Kubwa mara mbili kwa ujazo, chipu nusu. Maana yake kila chipu imebeba mara nne ya ile ya zamani.

Hesabu iko hivi. Njia moja ya RAM ina upana wa biti 64. Ile x8 kwenye lebo inasema kila chipu inatoa biti 8, kwa hiyo zinahitajika chipu nane kujaza biti 64, na kundi hilo la chipu nane ndilo R. 1Rx8 ni kundi moja, chipu nane. 2Rx8 ni makundi mawili, chipu kumi na sita. Ili chipu nane zifikishe gigabaiti 4, kila moja lazima iwe ya gigabiti 4. Ili chipu kumi na sita zifikishe hizo hizo gigabaiti 4, inatosha kila moja kuwa ya gigabiti 2.

Na Q45 inajua kuongea na chipu zisizozidi gigabiti 2. Ndani ya chipu, data imepangwa kama daftari lenye mistari na safu, na kidhibiti kinataja namba ya mstari kwa biti. Chipu ya gigabiti 2 ya x8 inatumia biti 15 kutaja mstari, yaani mistari 32,768 katika kila benki, kila sehemu ya chipu. Ya gigabiti 4 inataka biti 16, mistari 65,536. Chipseti hii ilitengenezwa 2008, na ile biti ya ziada haimo katika hesabu zake. RAM inaonekana, inajitambulisha, lakini mashine haiwezi kuifungua yote, na hii ya kwetu inakataa kuwaka kabisa.

Kwa hiyo ile GB 16 iliyotajwa na dmidecode ni ya kweli, ila ina sharti lisiloandikwa pale: nne za GB 4, zote za chipu kumi na sita. Hakuna kasoro kwenye mashine wala kwenye RAM. Zimepishana umri.

Nimeshukuru jambo moja: kwenye RAM za kisasa lebo inasema yote, ukijua kuisoma. Nitakachotafuta ni 4GB 2Rx8, ikiwezekana PC3-10600U au PC3-8500U. Hiyo U ya mwisho nayo ni muhimu. RAM zenye R mwishoni ni za seva, zina chipu ya ziada ya kupitisha amri, na kwenye kompyuta ya kawaida kama hii hazifanyi kazi hata kama zinaingia kwenye sloti. Zinauzwa bei ya chini sana, na mtu asiyejua atadhani ameokota.

Nimefikiria pia kama ninunue za kasi zaidi. Hapana. Njia moja kwa 1066 inapitisha kama MB 8,500 kwa sekunde, ndiyo hiyo namba ya PC3-8500. Njia mbili pamoja, RAM zikipangwa kwa jozi, ni kama 17,000. Lakini barabara inayounganisha prosesa hii na chipseti, ile ya 1333, inapitisha kama 10,600. Prosesa haiwezi hata kuzimaliza zile njia mbili. Faida ya kupanga kwa jozi inabaki zaidi kwa kadi ya picha, kwa sababu ile iliyomo kwenye chipseti inachota RAM hiyo hiyo. Hela yote iende kwenye ujazo.

Alhamisi

Nimekwenda mwenyewe. Treni ya SGR ya asubuhi, nikafika Dar kabla jua halijakolea, nikaelekea Kariakoo. Muuzaji amenipokea vizuri, akakubali kubadilisha kwa kuwa sikuchana kibandiko cha dhamana. Ila kwenye boksi lake la DDR3 nyingi za GB 4 zilikuwa 1Rx8. Za chipu kumi na sita zinazidi kuadimika, maana watengenezaji walihamia chipu kubwa zaidi zamani.

Akanimwagia boksi zima juu ya kioo cha kaunta. Nimechambua moja moja, nikigeuza mgongo kwanza kabla ya kusoma lebo: mgongo mtupu, weka pembeni. Ni njia ya haraka. Lebo nyingine zimefutika, nyingine zimebandikwa juu ya nyingine, lakini chipu hazidanganyi kirahisi. Nilipata tano za pande mbili. Moja ilikuwa na R mwishoni. Moja meno yake yalikuwa na kutu ya kijani. Nyingine ilikuwa GB 2. Zikabaki mbili: 2Rx8 PC3-10600U, watengenezaji tofauti.

Tofauti ya mtengenezaji haikunipa shida. Kila RAM ina kichipu kidogo pembeni, SPD, chenye maelezo yake: ujazo, kasi, muda wa kusubiri. BIOS, programu inayoiamsha mashine, inasoma SPD zote, kisha inachagua mwendo ambao hata ile iliyo nyuma kuliko zote inaumudu. Muhimu ni jozi ilingane ujazo.

Tulipima moja pale pale kwenye mashine yake ya duka. Ikawaka. Nikamwonyesha ile hesabu ya chipu nane na kumi na sita kwenye kipande cha karatasi. Alikaa kimya kidogo, akamwita kijana wake aje aone pia. "Watu wengi wanaturudishia hizi," alisema, "tunadhani mazabodi zao mbovu." Akaanza kutenga za pande mbili kwenye boksi lake. Niliondoka nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia.

Nauli ya kwenda na kurudi imekula karibu bei ya RAM moja. Naandika kwa ajili ya hesabu za shangazi, na kwa ajili ya anayepanga kuagiza kwa basi: omba picha ya pande zote mbili kabla ya kutuma hela.

Alhamisi, usiku

Duka limefungwa, nimefungua kava tena. Nimegusa chuma cha kava kwa mkono mtupu kabla ya kushika chochote, na waya wa umeme umechomolewa. Sakafu ya pale ni saruji na hewa ya Morogoro haikauki sana, lakini umeme tuli hauonekani mpaka umeshaua kitu.

Mpangilio: mbili za GB 4 kwenye vibanio vyeupe, mbili za GB 2 za zamani kwenye vyeusi. Jumla GB 12, na kila jozi inalingana. Nimewasha.

Nembo imetokea. Nimekaa chini. Tangazo la kiasi kubadilika, F2, nikaingia kwenye BIOS: 12 GB, 1066 MHz, njia mbili.

Sikuingia kwenye Mint. Nilikuwa na flashi ya Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikabonyeza F12 nikaichagua, nikaiacha ifanye kazi. RAM mbovu ni hatari kuliko RAM chache, kwa sababu inaharibu kimya kimya. Namba moja kwenye fomu ya mtu inaweza kubadilika, picha ya cheti ikahifadhiwa ikiwa imeharibika, na hakuna atakayejua mpaka maombi yakataliwe. Mashine iko kwenye UPS, nimelala kwenye kochi la dukani.

Ijumaa, alfajiri

Saa kumi na moja nimeamka, skrini ina mistari miekundu. Makosa 46, yote katika eneo moja la juu la anwani.

Sikukimbilia kulaumu RAM yoyote. Nimetoa zote, nikaanza na moja moja kwenye sloti ya kwanza, nikiipa kila moja mzunguko mfupi. Zote nne zimepita, pamoja na zile za zamani. Basi RAM si tatizo. Nikachukua moja niliyoiamini, nikaihamisha sloti kwa sloti. Ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu makosa ndani ya dakika nne. Ya nne safi.

Nimemulika sloti ya tatu kwa tochi. Ilikuwa wazi miaka yote sita, na ndani ya mfereji wake kulikuwa na vumbi lile jekundu lililoshikana na kitu kama nyuzi za buibui. Nilipiga brashi Jumapili kwenye feni na mazabodi, lakini ndani ya sloti sikufika. Nimetumia mswaki mpya laini, mkavu kwanza, kisha uliolowanishwa kidogo kwa spiriti, nikasugua kwa urefu wa mfereji, nikaacha ikauke kwa nusu saa nzima. Meno ya RAM nimeyafuta kwa raba ya penseli, ile nyeupe, kisha kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kurudisha zote nne, Memtest86+ tena. Shangazi alipofungua mlango saa mbili na nusu mzunguko wa kwanza ulikuwa unaelekea mwisho bila kosa hata moja. Akauliza kama afungue duka. Nimemwomba anipe hadi adhuhuri. Alitoa benchi nje, akawaeleza vijana, wengine akawaelekeza steshenari ya jirani kwa leo. Anajua thamani ya mteja kuliko mimi, lakini alinipa muda huo bila kulalamika.

Saa saba mchana mizunguko miwili imekamilika. Makosa sifuri. Nimefunga skrubu za kava.

Jumamosi

Siku ya kazi nzito, na sikuigusa mashine. Nilikaa pembeni na daftari, nikawa naiangalia inavyotumika na binti wa dukani.

Saa nne asubuhi: vichupo kumi na moja, hati nne, skana ikiwa wazi, na video ya somo ambayo mtoto wa shangazi aliiacha ikicheza kwenye kichupo cha nyuma. `free -h` inasema jumla 11Gi, zilizotumika 4.6Gi, swap 0B. Kwa hiyo kazi ya kawaida ya duka hili ilikuwa inahitaji kiasi kidogo tu zaidi ya kilichokuwepo, na kile kidogo kilichopungua ndicho kilichokuwa kinaikaba mashine nzima. GB 8 zingetosha. Nimefurahi kuacha zile za GB 2 humo ndani hata hivyo, kwa kuwa nafasi inayobaki Linux inaitumia kuhifadhi mafaili yaliyokwisha kusomwa kwenye diski. LibreOffice kufunguka mara ya kwanza asubuhi bado ni polepole, kama zamani. Mara ya pili na kuendelea ni papo hapo, kwa sababu haisomwi tena kutoka kwenye diski.

Hilo ndilo ambalo RAM haikuponya: kuwaka asubuhi. Nimehesabu, kutoka kubonyeza kitufe hadi kivinjari kuwa tayari ni zaidi ya dakika moja na nusu. Hiyo ni kazi ya SSD, na nimemweleza shangazi hivyo bila kumpamba. Amesema asubuhi anafagia kwanza, dakika hizo hazimuumizi.

Safu za si na so kwenye `vmstat` zimekaa sifuri kutwa nzima. Nilizikagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Yule binti wa Jumamosi iliyopita amerudi. Mara ile aliondoka bila kumaliza, cheti chake kilikuwa bado kinahakikiwa. Alikaa, akafunguliwa kurasa zake, akapakia vyeti vyote vitatu, na kivinjari hakikutetereka. Shangazi alisimama nyuma yake muda wote mikono kifuani. Binti alipochapisha fomu yake, shangazi alikataa hela kwa mara ya pili. Binti akaiacha juu ya kaunta, akapiga goti, akaaga.

Jumatatu, kabla ya kuondoka

Nimekata kipande cha karatasi ngumu, nikakibandika kwa gundi ya karatasi upande wa ndani wa kava, mbali na feni, mahali ambapo fundi yeyote atakayeifungua atakiona kabla ya kushika kitu. Nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika:

RAM: GB 4 + 4 (vibanio vyeupe), GB 2 + 2 (vyeusi). DDR3, herufi ya mwisho U. Ukiongeza GB 4 nyingine, iwe 2Rx8, chipu 16, pande zote mbili. 1Rx8 haiwaki humu. Sloti ya 3 safisha kwanza. Betri CR2032 imebadilishwa mwezi wa saba.